Jibu: Majirani wa bustani mbadilishane nini, na nini kisivuke uzio

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili. Ninyi majirani sita wa Kibaha mnaolima mboga nyuma ya nyumba mbadilishane nini, na mtu akisafiri bustani yake aiangalie nani na kwa utaratibu gani. Wachangiaji wa hapo juu wamesema "pendaneni tu, mengine yatakuja". Upendo ni mzuri lakini hauzuii mnyauko. Kanuni ninayoisimamia ni hii: mbegu kavu peaneni bila kuhesabiana, ila udongo wa mtu usitoke kwake.

Mbegu ndiyo faida ya kwanza ya kuwa kikundi. Pakiti ya nyanya ya gramu 10 ina mbegu kama 3,000, na familia ya watu watano inatosheka na miche 12 hadi 15. Ukinunua peke yako, pakiti inakaa kabatini inanyonya unyevu wa Pwani mpaka mbegu zinakataa kuota. Nunueni moja, mgawane siku hiyohiyo inapofunguliwa, kila mtu bahasha yake ya karatasi ndani ya chupa yenye mfuniko unaobana. Hoho zipo kama 150 kwa gramu, nazo zinagawika vizuri. Bamia ni kama 15 tu kwa gramu, hiyo kila mtu anunue yake. Juu ya bahasha andikeni kwa penseli (wino wa kalamu huyeyuka): aina, mwezi, ilikotoka, na kama ni F1 (mbegu chotara). Bahasha isiyoandikwa msiipokee, hata ikitoka kwa mzee wa mtaa.

Kwa nini F1 iandikwe? Kwa sababu nyanya kama Anna F1 ukivuna mbegu zake utapata miche mchanganyiko: mmoja mrefu, mwingine mfupi, matunda hayafanani, halafu jirani anadhani umempa takataka kwa makusudi. Nyanya za Tengeru 97, Tanya na Cal-J si chotara, mbegu zake zinarudia mama. Nyanya, maharage na kunde kwa kawaida hujichavusha zenyewe, kwa hiyo aina haiharibiki kirahisi hata jirani akiwa na nyingine. Mchicha unachavushwa na upepo, maboga na matango na nyuki. Hapo ndipo ushirikiano wa kweli unapoanza. Kubalianeni msimu huu nani peke yake anaacha mchicha utoe maua, wa aina moja, na wengine wote wang'oe wao kabla haujachanua. Msimu ujao zamu inahama.

Mbegu za nyanya zisianikwe na ute wake. Chagua tunda lililoiva kabisa kwenye mche usio na ugonjwa, kamua kwenye glasi, ongeza maji kidogo, acha kivulini siku 2, koroga kila siku. Kwa joto la Kibaha usipitishe siku 3, zitaanza kuota humohumo. Mimina maji, zinazoelea zitupe, zilizozama zioshe kwenye chujio na uzianike kivulini juu ya sahani. Kwenye gazeti hunata, utazibandua na karatasi yake. Kumalizia unyevu, kaanga mchele mkavu bila mafuta mpaka uanze kubadilika rangi, uache upoe ndani ya chupa iliyofungwa, ujae nusu ya chupa, kisha weka bahasha juu yake wiki 2.

Kabla ya kugawa, jaribu. Mbegu 20 kwenye kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki, hesabu siku ya 7, hoho subiri hadi ya 14. Zikiota mbegu chini ya 14 kati ya hizo 20, mwambie unayempa asie nyingi zaidi. Mbegu za kitunguu zikizidi mwaka mmoja usimpe mtu.

Vipando vya shina vina hatari zaidi ya mbegu, lakini havikataliwi. Marando ya matembele kata sentimita 30 kutoka ncha, si shina la chini lililogusa udongo, na vifundo vitatu viingie ardhini. Sukuma wiki iliyozeeka hutoa machipukizi ubavuni. Ya urefu wa kiganja bandua kwa mkono, punguza majani yabaki mawili, panda jioni. Kisamvu ndicho cha kuogopa. Muhogo ukiwa na ugonjwa wa batobato, majani hujikunja na kuwa na mabaka ya njano, na kila pingili utakayogawa itaondoka na ugonjwa. Ugonjwa wa michirizi ya kahawia ni mbaya zaidi kwa sababu shina linaweza kuonekana zima huku mizizi imeoza ndani. Mwenye shamba asipojua historia ya muhogo wake, msichukue.

Miche ya papai jirani akikupa mmoja anakupa bahati nasibu tu, unaweza kuwa dume. Ombeni mitatu kwa shimo, itoe maua, kisha punguzeni.

Sasa miche ya kitaluni, hasa nyanya, biringanya, nyanya chungu na hoho. Magonjwa yanayoua vikundi vya bustani yanakuja na donge la udongo kwenye mizizi ya mche wa zawadi. La kwanza ni mnyauko bakteria. Mche unanyauka mchana ukiwa bado wa kijani, maji hayausaidii, baada ya siku chache umekufa. Kuhakikisha, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize ncha kwenye glasi ya maji safi bila kutikisa. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka ndani ya dakika chache, ndiyo wenyewe. Bustani hiyo isitoe mche, mboji wala udongo kwa mtu yeyote, na tuta hilo lisipandwe jamii ya nyanya wala viazi mviringo kwa miaka kadhaa. La pili ni minyoo fundo: mizizi ina uvimbe usiobanduka. Usiichanganye na vinundu vya maharage na kunde, vile hubanduka kwa kucha na ndani vina rangi ya waridi, ni neema. Kwa hiyo mtu akitaka kugawa miche, aisie kwenye vikopo vyenye mchanganyiko mpya wa mboji na mchanga, siyo udongo wa tuta.

Majembe yaoshwe tope lote kabla ya kuazimwa, maana dawa haipiti kwenye tope. Mikasi na visu vifutwe kwa Jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, kisha visuuzwe visishike kutu. Mvutaji sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kushika nyanya, kuna virusi vya tumbaku vinavyopita kwa vidole.

Bomba la kupulizia lililowahi kubeba kiuagugu msilitumie kwenye mboga. Mabaki kidogo ya kiuagugu cha 2,4-D yanatosha kuzipinda nyanya majani yawe kama kamba, na watu watalaumiana kwa mwezi mzima bila kujua sababu. La kiuagugu lipakwe rangi nyekundu.

Kuhusu safari. Kiangazi tuta linataka kama lita 5 kwa mita mraba kwa siku, maana yake tuta la mita 1 kwa 3 ni keni ya lita 10 na nusu yake. Anayesafiri aweke matandazo ya majani makavu unene wa vidole vinne siku mbili kabla, aache madumu yamejaa, na aandike kila tuta ni keni ngapi. "Mwagilia kidogo tu" si maelekezo. Mmoja ataloanisha vumbi, mwingine atazamisha miche. Kama anayesaidia ana shaka, achomeke kidole hadi kiungo cha pili, kukiwa na unyevu asimwagilie. Asubuhi ni bora kuliko usiku, majani yasilale na maji.

Na mavuno ya siku hizo ni ya anayemwagilia, mliseme mapema ili asione haya kuchuma. Bamia isipochumwa kila baada ya siku mbili hukomaa nyuzi, na mmea ukishaanza kukomaza mbegu hupunguza maua. Matango vilevile. Jirani anayeogopa kuchuma kwa adabu atakurudishia bustani iliyochoka, kwa hiyo mwachie na kisu.