Maswali ya Wasomaji: Racheti Inayoteleza Baada ya Kupakwa Grisi

SWALI: Ndugu Fundi, ninatengeneza pikipiki kando ya barabara ya vumbi nje kidogo ya Nakuru. Racheti yangu ya nusu inchi, ule mpini wenye gia wa kukazia na kufungulia nati, ilianza kukwama, nikaifungua nyumbani na kuijaza grisi ya beringi za magurudumu. Sasa inateleza ninapokaza nati, na imenichubua vidole. Je, meno yamekwisha? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa maumivu. Usiitupe kwanza, kwa maana dalili ulizozieleza zinaelekea kwenye grisi kuliko kwenye meno. Ndani ya kichwa cha racheti mna gia, kidole cha chuma kinachonasa meno ya gia hiyo (racheti nyingine zina viwili), na springi ndogo inayokisukuma. Springi hiyo haina nguvu nyingi. Grisi ya beringi ni nzito, na baridi ya asubuhi huko kwenu huifanya nzito zaidi. Ikijaa mahali kidole kinapochezea, springi hushindwa kukisukuma hadi mwisho, kidole hubaki kimeshika ncha za meno tu, na unapokaza kwa nguvu kinachomoka ghafla na mkono wako unagonga injini. Gia yenye meno 72 huathirika upesi kuliko yenye meno 36, kwa sababu meno yake, yanayoiwezesha kunasa kila nyuzi 5 badala ya kila nyuzi 10, ni mafupi zaidi. Ukiendelea kuitumia katika hali hiyo ncha zitamomonyoka, na hapo kusafisha hakutakusaidia tena.

Ifungulie juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe, ukiinua kifuniko polepole huku umekibana kwa kidole gumba, kwa kuwa springi na gololi ndogo iliyo chini ya wenzo wa kugeuzia mwelekeo huruka na hazionekani tena. Tumia bisibisi inayoingia sawasawa kwenye skrubu. Piga picha kwa simu kabla ya kutoa chochote, hasa upande ambao kidole kimeelekea, maana kukirudisha kinyume ndiko kunakowachelewesha wengi wakati wa kufunga.

Osha vipande vyote kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, mbali na jiko. Petroli usiiguse kwa kazi hii, mvuke wake huwaka upesi mno. Vikaushe kabisa. Kisha kagua gia penye mwanga: ncha za meno zikiwa kali na nzima, racheti yako haina ugonjwa, zikiwa zimeviringika au kumeguka, tafuta gia na kidole vipya vya modeli hiyo hiyo, au ununue nyingine.

Unapoifunga, paka utando mwembamba tu wa grisi laini kwenye meno na pale gia inapozungukia, kiasi kwamba chuma bado kinaonekana. Kwenye kidole na springi tone la mafuta ya cherehani linatosha. Usikaze skrubu za kifuniko kupita kiasi, la sivyo gia itabanwa. Geuza wenzo pande zote mbili na uzungushe kwa mkono ukisikiliza: mlio uwe mkavu na wa kulingana. Baada ya hapo ijaribu kwa nguvu ya wastani kwenye bolti iliyobanwa kwenye jiriwa, kabla ya kuirudisha kwenye pikipiki ya mteja. Na ninakusihi usichomeke bomba kwenye mpini ili kufungua nati iliyoshika. Kazi hiyo ni ya mpini mrefu usio na gia.

SWALI: Racheti yangu haina skrubu wala pete ya kufungua, na unyevu wa hapa Kisumu umeanza kuitia kutu. Naweza kuitumbukiza katika oili chafu ya injini? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: La. Oili iliyokwisha kutumika ina masizi na chembe za chuma zitakazosaga meno, na si salama kwa ngozi yako. Dondoshea mafuta ya taa kwenye mwanya wa gia, izungushe, mwaga uchafu, kisha rudia hadi yatoke safi. Iache ikauke, utie matone machache ya mafuta ya cherehani, uizungushe tena, na ufute yanayovuja. Kutu ya nje iondoe kwa sufi ya chuma laini, ukihakikisha kwamba vumbi lake haliingii kwenye mwanya.