Ulipona kwa maombi au kwa kukimbia?

Mdogo wangu mmoja niliyeimba naye kwaya Kiboriloni kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Sita za kwanza ni salamu na habari za misiba. Ya saba ndiyo yenye swali: "Dada, tuambie ukweli. Ulipona kwa maombi, au ulipona kwa sababu ulikimbilia Ujerumani?" Najua hakuuliza peke yake, kuna wenzake nyuma ya simu. Basi nawajibu wote.

Kwa msionijua: mume wangu alifariki 2014. Matanga hayajapoa, nikaambiwa sikuzaa, kwa hiyo kihamba, lile shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, si changu. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyelitoa begi langu nje akaliweka kwenye migomba, zipu haijafungwa, pindo la kanga linaburuza kwenye tope. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilikuwa upande wangu, nilielezwa hivyo. Lakini mtu aliyepondeka anapata wapi miguu ya kwenda barazani? Nilirudi kwetu Marangu nikalala.

Sasa niko Leipzig. Wamisionari walioingia Machame mwaka 1893 walitumwa na misheni ya mji huu, kwa hiyo nilikuja nikidhani nakwenda kwenye chemchemi yenyewe ya imani yetu. Loo! Jumapili ya kwanza tulikuwa watu kumi na tisa, na nadhani mimi peke yangu ndiye niliyekuwa na meno yote. Muumini aliyesajiliwa anakatwa kodi ya kanisa, hapa jimbo la Saxony ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato, na wapo wanaojitoa ili wasikatwe. (Mnaonung'unikia bahasha za ahadi, mmesikia?)

Kukimbia hakukuniponya. Desemba giza linaingia saa kumi jioni, uko chumbani peke yako, jirani hajui hata jina lako. Lile begi la kwenye migomba nilikuja nalo. Mchana nilisomea uuguzi wa wazee, usiku niligombana na mama mkwe, mimi na dari.

Na maombi? Niliomba kama tulivyozoea, kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta. Nilitaka niamke asubuhi nikute uchungu umekwisha. Haikuwa hivyo. Nilipewa kidogo kidogo, kama dawa ya matone: nguvu ya zamu ya leo, ya kesho utaiomba kesho. "Neema yangu yakutosha" niliikariri tangu kipaimara, ila sikuwahi kuona jinsi lile neno "yakutosha" lilivyo bahili. Inatosha kweli, ila haibaki ya kuweka akiba.

Zamu inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Kulikuwa na bibi mmoja, mkali, mwenye kidevu kilekile cha mama mkwe. Unachota maji ya vuguvugu, unaanza na uso, kisha kwapa, kisha mikono. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa, ilibidi nivifungue kimoja kimoja ndipo nifikie kiganja. Wiki za kwanza nilimnawisha huku nimeuma meno. Nikawa nasimama mlangoni kabla ya kugonga, naomba: "Bwana, nipe mikono." Moyo sikuuomba, nilishaukatia tamaa. Siku moja bibi akaacha kufoka, ananitazama. Kumbe nilikuwa naimba pambio la kwetu, na sikujua nimeanza saa ngapi.

Nilikwenda pia kwa mtaalamu wa saikolojia. Nilisubiri nafasi miezi mitano, bima ikalipa. Mtasema imani imepungua. Mbona hospitali ya KCMC pale Moshi iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema na mnapanga foleni pale bila kuona aibu? Yule mtaalamu alinifundisha kulisimulia lile begi bila kutetemeka. Nguvu ya kurudi kwake kila wiki niliiomba kwa Mungu, na kwangu hizo si habari mbili.

Kwa hiyo usikate tiketi ukidhani umbali ni dawa.

Mwezi uliopita shemeji alinitumia picha: jani la isale, ambalo kwetu Wachagga ndilo la kuombea msamaha, juu ya kitambaa cha meza, na chini ameandika, "Mama anaomba." Mchagga akiletewa isale anajua hana pa kukwepea. Niliipokea nikiwa kwenye korido ya kazini, pembeni ya chungu chenye mmea unaofanana na isale kama pacha. Wao wameuweka urembo, wanaufuta vumbi kila Ijumaa. Nililia palepale, mwenzangu akadhani nimefiwa.

Sikujibu kwa siku tatu. Kusema kweli, sijasamehe yote. Robo tatu hivi. Siku ya nne nikaandika: "Shemeji, isale haiji kwa picha. Desemba nakuja. Mwambie mama anipe mkononi, palepale kwenye migomba."