Barua kwa mwanangu: sanduku la wamama wa Kadutu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa juu ya gunia la unga hapa Goma, soko la Virunga, wateja hawajaanza kufika. Unauliza kama mama anayeuza lengalenga pale Kadutu, huko kwenu Bukavu, anayebakiwa na faranga elfu mbili kwa siku, anaweza kweli kuweka akiba, ama ukimwanzishia sanduku la akiba la kikundi utakuwa umemwongezea mzigo. Tena unauliza juu ya wale wa shirika wanaotaka kutia mkono: kila faranga mama anayoweka, wao waongeze nyingine.

Nianze na la kwanza. Anaweka tayari. Mwangalie jioni anapokusanya mboga zake: kuna noti moja ataikunja peke yake na kuifunga kwenye ncha ya kikwembe, mbali na nyingine. Hiyo ni akiba. Pengine ana mbuzi kwa dada yake huko Walungu, ana likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa na kupokea kwa zamu, anayocheza na wenzake wanne. Usiende kumfundisha kuweka, mwanangu. Atakucheka moyoni, na atakuwa na haki. Kinachomshinda ni kuilinda. Fundo la kikwembe linafunguliwa na mtoto mwenye homa, na shemeji aliyekuja kuomba nauli, na bwana mwenyewe. Atawanyimaje na pesa iko kiunoni? Ikiwa ndani ya sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wamama watatu wa nyumba tatu, atajibu "haiko hapa" bila kusema uongo.

Hilo nimelijua kwa kupoteza. Nyanya yako alijaza kopo la maziwa kwa noti za zaire, pesa yetu ya zamani. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zikageuka zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuka faranga 1. Hakuna mwizi aliyeingia, kopo lilibaki limejaa vilevile. Mimi nikasema basi nitaweka dola. Tarehe 17 Januari 2002 volkano ya Nyiragongo ikalipuka, moto ukashuka mpaka katikati ya mji, tukakimbilia Gisenyi wewe ukiwa mgongoni, na dola zangu zikabaki chini ya kitanda. Pale palipokuwa kitanda leo ni jiwe jeusi. Baadaye nikajiunga na kooperative moja ya akiba hapa mjini. Miaka mitatu nilipeleka kila Jumamosi, hadi Jumatatu moja tukakuta mlango umefungwa na hakuna hata karatasi ya kutueleza. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema maskini hawana tabia ya kuweka, ninaumia. Tabia tulikuwa nayo. Mahali ndipo hatukuwa napo.

Namna ya sanduku tuliyofundishwa ilianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE pamoja na wanawake wa Maradi. Huku kwetu tunaiita AVEC, kifupi cha Kifaransa cha chama cha kijiji cha akiba na mikopo. Kusanya wamama 20 hivi wanaojuana, na wajichague wenyewe, usiwachagulie wewe. Mnakutana mara moja kwa wiki, kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano, na kila hisa ni muhuri mmoja kwenye kijitabu chake. Asiyesoma anahesabu mihuri kwa kidole. Pesa ya hisa mnakopeshana wenyewe kwa riba, na riba hiyo ndiyo faida yenu. Kabla ya kufunga, mweka hesabu anataja kwa sauti pesa iliyobaki, na wote wanarudia. Wiki inayofuata, kabla ya kufungua, anauliza: tuliacha ngapi? Wote wanajibu kwa pamoja. Usikubali hata siku moja kuruka hapo, hata mvua ikinyesha na watu wanataka kurudi nyumbani. Nimemwona mweka hesabu mwenye mwandiko mzuri akinyamazishwa na mama asiyejua kuandika jina lake, kwa sababu yule mama alikumbuka elfu kumi na nne, na kitabu kilisema elfu nne.

Bei ya hisa iamuliwe na yule mwenye kidogo kuliko wote. Muulize pembeni, maana mbele ya wenzake aibu itamfanya akubali elfu moja, na mwezi wa tatu hamtamwona tena. Anzeni na 500. Akinunua hisa tatu kila wiki, kwa wiki 50 ana 75,000 zake mwenyewe, mbali na faida ya mikopo. Si pesa nyingi, najua. Lakini pengine itakuwa mara ya kwanza kuzishika zote kwa pamoja. Mgawane mwisho wa Agosti, kabla ya shule. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu 2019, lakini wa sekondari bado wanatudai. Pesa ya msiba na ugonjwa iwe kwenye mfuko wake, msiichanganye.

Najua utauliza usalama. Mwisho wa Januari 2025, vita vilipoingia Goma na benki zikafunga milango, wenye akaunti walibaki na namba tu. Sanduku letu lilikuwa karibu tupu: pesa ilikuwa mikononi mwa wamama, imegeuka maharagwe, samaki wadogo wa sambaza, sabuni. Hakuna aliyekuta kitu cha kuiba ndani yake. Lakini mwenzetu mmoja aliibiwa mali yote dukani, na alikuwa na mkopo wetu. Tulikaa, tukasimamisha riba ya wote kwa miezi mitatu, yeye tukampa mwaka mzima. Amemaliza kulipa. Siku aliyoleta ya mwisho alilia, na sisi pia.

Sasa hao wa shirika. Usiwakatae, lakini pesa yao isiingie ndani ya sanduku. Kundi la jirani zetu lilipokea pesa ya nje kabla halijakomaa, na haikuchukua muda watu wakaanza kukopa kwa wingi na kulipa kwa kuchelewa. Mtu hajinyimi kwa ajili ya kurudisha pesa ya mtu asiyemjua. Waambie wangoje mlangoni. Siku ya kugawa, mama akisema anakwenda kununua bati, waongeze bati juu ya bati, pale pale kwa muuzaji. Akichagua mbuzi jike, vilevile. Pesa ikigawanywa na kulala nyumbani siku tatu, shemeji anarudi.

Na kama wana nguvu zaidi, wasaidie kwenye karatasi. Wamama wengi wamelipia kiwanja na wana kipande cha karatasi tu chenye saini ya muuzaji na mashahidi, wakati sheria ya ardhi ya 1973 inataka cheti cha usajili. Hicho kina gharama na safari nyingi za ofisini. Kipatikane, na jina la mama liwe juu yake, maana nimeona wajane wakitolewa kwenye nyumba waliyoijenga kwa mbao zao wenyewe.

Kufuli tatu nimezinunua jana, za chuma kizito. Nitampa mtu anayeshuka na boti wiki ijayo, utazipokea bandarini. Funguo zimo ndani ya bahasha tatu zilizofungwa. Usizifungue wewe. Wapelekee wamama kwenye kikao cha kwanza, wenyewe wachague nani wa kuzishika.

Mama yako, Goma