Mnahofia nukta, mnagawa neno la siri

Msimu wa udahili wa vyuo vikuu ukifunguliwa, wanaoniandikia huwa wa aina mbili: wenye makosa madogo wasiopata usingizi, na wenye makosa makubwa wanaolala fofofo. Leo nimewachanganya. Walioniuliza "chuo gani kizuri" na "kozi gani ina ajira" wasinisubiri, maana hawakunitajia hata tahasusi waliyosoma.

Cheti cha kuzaliwa kinasema Mohammed, cha kidato cha nne kinasema Mohamed. Maombi nimeshatuma. Nimekosa chuo? (Msomaji, Magomeni)

Hujakosa. Ukiingiza namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, mifumo mingi ya vyuo huvuta jina na matokeo kutoka Baraza la Mitihani, kwa hiyo chuo kinakujua kwa jina la huko. Panapouma ni Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, kwa sababu cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na majina yasipofanana utaulizwa. Kwa herufi moja, kwa kawaida hati ya kiapo inamaliza: unaapa kwa wakili au mahakamani kwamba hao wawili ni wewe yule yule. Lakini kama cheti kimoja kina jina la babu na kingine kina la mjomba aliyekulea, hiyo si herufi tena. Hapo utahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na haipatikani kwa siku moja.

Wazazi wenye watoto shule ya msingi, nendeni na cheti cha kuzaliwa shuleni kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba. Msimwachie mwalimu aandike alivyosikia. Jina hilo ndilo litakalomfuata mtoto hadi kwenye kiinua mgongo.

Picha niliyopakia nyuma ni bluu, rafiki yangu kaniambia lazima iwe nyeupe. (Msomaji, Tabata)

Rafiki yako si ofisa udahili. Soma maelekezo ya chuo chako.

Maombi ya Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) nilijaziwa steshenari Mwenge. Simu yangu haikuwa na chaji, yule kaka akaweka namba yake na barua pepe yake. Kuna shida? (Msomaji, Sinza)

Kuna shida kuliko maswali mengine yote ya leo yakijumlishwa, na wewe ndiye uliyeuliza kwa upole kuliko wote.

Tangu vyuo vianze kupokea maombi moja kwa moja, mtu anaweza kuomba vyuo vitatu na vyote vikamchukua. TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, hairuhusu ukalie nafasi zote. Lazima uthibitishe chuo kimoja, ndani ya muda uliopangwa, kwa kutumia namba maalumu ya siri. Namba hiyo inatumwa kwa simu au barua pepe uliyoandika wakati wa kuomba. Sasa niambie itamfikia nani. Kaka wa Mwenge ana meseji za namna hiyo za watoto wa watu wengi. Anaweza kudhani ni za matapeli akazifuta, anaweza kuwa amebadili laini, na akiwa mjanja atakupigia akuombe ya soda. Na kama neno la siri alitunga yeye, basi akaunti ni yake, wewe umeazima tu.

Nenda leo. Ingia kwenye akaunti mbele yake, badilisha namba ya simu, barua pepe na neno la siri. Mfumo ukigoma, panda Mlimani ofisi ya udahili na cheti chako mkononi. Kutoka Sinza si safari. Na laini utakayoweka iwe imesajiliwa kwa jina lako, isiwe ya shemeji atakayeidai mkigombana.

Sina ugomvi na vijana wa steshenari. Wengine wanaijua mifumo hiyo kuliko waliotumwa kuisimamia. Ugomvi wangu ni na mtu mwenye divisheni wani anayekaa kwenye benchi anakula mhogo wakati mwingine anamchagulia kozi, halafu usiku ananiandikia kwamba amesahau nukta kwenye anwani ya posta.

Nilisahau nukta kwenye anwani ya posta. (Msomaji, Kimara)

Ndiyo wewe. Lala.

Nilifanya kidato cha nne mara mbili, mara ya pili kama mtahiniwa binafsi. Chuoni nimetumia namba ya S (ya shule), kwenye mkopo nimetumia ya P (ya mtahiniwa binafsi). Ni kosa? (Msomaji, Kigamboni)

Ni kosa, na hili ni la kukimbilia. Bodi ya Mikopo inakutafuta kwenye orodha za waliodahiliwa kwa namba ya kidato cha nne. Ukiwa S huku na P kule, kwao wewe ni watu wawili: mmoja ana chuo hana maombi ya mkopo, mwingine ana maombi hana chuo. Tumia namba moja kotekote, na ile ya pili uitaje pale mfumo unapouliza kama ulikaa mtihani zaidi ya mara moja. Dirisha likiwa wazi, rekebisha mwenyewe. Likifungwa, andikia Bodi usisubiri majina yatoke. Kila mwaka kuna wanaolia kwamba wamenyimwa mkopo kwa upendeleo, kumbe walijinyima kwa tarakimu.

Mjomba ananishauri niandike baba amefariki ili mkopo uwe mkubwa, eti ni hela ya serikali. Baba yupo Singida, hatuwasiliani. Nikigundulika litahesabiwa kosa dogo? (Msomaji, Gongo la Mboto)

Kosa ni kuteleza. Huu ni uongo, tena uongo unaodai cheti. Anayesema mzazi amefariki anaambatisha cheti cha kifo, na RITA wanakihakiki. Huna cheti, kwa hiyo utabaki kutafuta wa kukutengenezea, na kughushi ni jinai, mkopo au hakuna mkopo. Kabla hujafika huko kuna serikali ya mtaa, inayosaini fomu yako na kugonga mhuri.

Andika hali yako ilivyo: nani alikulea, nani alilipa ada. Kama kaya yenu iko TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, au ulisomeshwa na mfadhili, hiyo ina nyaraka zake na inazingatiwa. Na mjomba anayeiita hela ya serikali mwambie kwamba ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Atakulipia yeye?

Nimeomba chuo Marekani kupitia Common App, mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja. Baada ya kutuma nimeona kwenye insha nimerudia neno moja mara mbili mfululizo. Nifanyeje? (Msomaji, Upanga)

Usifanye kitu. Ikishatumwa kwa chuo hicho haibadiliki. Kwa vyuo ambavyo hujavitumia bado, isahihishe. Insha ile inaruhusiwa maneno kati ya 250 na 650, na msomaji mwenye mafaili mengi mezani hawezi kukutupa kwa neno moja. Ukiwaandikia barua kuomba radhi ndipo watakapoliona. Lingekuwa kosa la alama, tarehe ya mtihani au jina la chuo, ningekwambia uwaandikie mistari miwili.

Ila mwishoni mwa ujumbe wako umetaja wakala "anayeshughulikia kila kitu" kwa dola. Mawakala wa vyuo vya nje wanapaswa kutambuliwa na TCU, na orodha ipo. Kama hayumo, usimpe pasipoti yako hata kwa ajili ya kutoa kopi.

Mwanangu yuko kwenye mafunzo ya JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), nimemjazia mimi. Wilaya ya kuzaliwa nimeweka Temeke badala ya Ilala. Kozi nimempangia udaktari, famasi na uuguzi. Wilaya itamponza? (Mama, Mbagala)

Shikamoo mama. Wilaya haitamponza. Kozi zinaweza.

Hukuniambia alama zake. Kizingiti cha jumla kwa shahada ni masomo mawili yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Hicho ni cha kuingilia getini tu. Kila programu ina masharti yake kwenye mwongozo wa TCU, na udaktari unagombewa na wenye alama za juu mno. Fungua mwongozo, linganisha somo kwa somo, na angalau chaguo moja liwe analoweza kulipata kwa uhakika. Na akipata nafasi ya kupiga simu kutoka kambini, muulize mwenyewe anataka nini. Wewe hutakuwepo usiku wa mtihani wa anatomia.

Nisubiri awamu ya pili ya maombi ili foleni ipungue? (Msomaji, Buguruni)

Usisubiri. Awamu ya pili ni ya nafasi zilizobaki, na kozi unayoitaka ikijaa awamu ya kwanza, hutaikuta.