Siku Tatu Singapore: Panga kwa Jua, Si kwa Ramani

Orodha yangu ilikuwa na mahali 11. Niliiandika nyumbani Mombasa, usiku, ramani ya Singapore ikiwa wazi kwenye simu, na kila nilipopima mwendo nilitabasamu: kilomita mbili hapa, mita mia sita pale. Kisiwa chenyewe kutoka magharibi hadi mashariki ni kama kilomita 50 tu. Nikamwambia mama, niliyekuwa nikisafiri naye, kwamba siku tatu zitatosha na kusaza. Siku ya kwanza tulifika mahali pane, na mojawapo lilikuwa duka la dawa, tulikoingia kununua plasta ya kisigino chake.

Kilichotushinda ni jua. Sisi watu wa Pwani twajidai kwamba joto ni letu, lakini joto la Mombasa lina upepo wa bahari. La Singapore limesimama. Mji uko takriban digrii moja kaskazini mwa ikweta, unyevu hauondoki, na katikati ya majengo marefu hewa haina pa kupita. Ikifika saa tano asubuhi shati limeshika mgongo. Alasiri mbingu hufunga ghafla, mvua ikashuka kama pipa lililopinduliwa, kisha jua likarudi na mvuke wake.

Kwa hiyo usihesabu kilomita, hesabu saa za kutembea. Saa za kule ziko tano mbele ya zetu, tena zimesukumwa mbele kuliko jua lenyewe: kunapambazuka karibu saa moja asubuhi na magharibi huingia karibu saa moja jioni, mwaka mzima. Saa zako za miguu ni kuanzia mapambazuko hadi saa nne, kisha kuanzia saa kumi na moja jioni hadi utakapochoka. Mchana ni wa kula, wa makumbusho yenye viyoyozi, wa kupanda treni, na kwa mwenye mama kama wangu, wa kulala. Nilipokubali hilo siku ya pili, nikaifuta nusu ya orodha na safari ikaanza kuwa tamu.

Lakini kwanza mambo ya kabla ya kuondoka, nitayapitia haraka. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania haombi viza kwa ziara fupi, ila hakikisha kwenye tovuti ya uhamiaji ya Singapore kabla ya kukata tiketi. Fomu ya kuwasili hujazwa mtandaoni ndani ya siku tatu kabla ya kufika, na haina malipo. Kuna tovuti zinazojifanya za serikali na kukutoza, usizifuate. Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano ibebe mkononi, na kama hujachanjwa, kumbuka cheti huanza kutumika siku 10 baada ya sindano. Plagi ni ileile yetu ya pini tatu. Sigara za umeme ni marufuku kabisa, na biashara ya chingamu imepigwa marufuku tangu 1992. Kuhusu dawa za kulevya hakuna mzaha: adhabu ya kifo ipo na hutekelezwa. Nami ningeongeza, hata kijiti cha miraa kilichosahaulika mfukoni mwa koti kitoe ukiache nyumbani.

Hoteli ndiyo iliyonifunza somo la gharama. Nilichagua chumba cha bei nafuu, pichani pana pazia zuri la bluu. Tulipofika mama akalivuta pazia ili apate hewa, nyuma yake ukuta. Vyumba visivyo na madirisha ni jambo la kawaida katika hoteli za bei ya chini kule, na huandikwa kwa herufi ndogo ambazo mimi sikuzisoma. Mama aliamka saa kumi na mbili asubuhi, asijue ni usiku au mchana, akateremka hadi mapokezi kwa kanga, akakuta giza nje, akarudi kuniambia saa yangu imeharibika. Ongeza pesa kidogo, upate dirisha. Na uchague mahali palipo karibu na kituo cha treni kuliko karibu na kivutio chochote.

Sasa kutembea kwenyewe. Asubuhi ya kwanza ninayoipendekeza ni barabara moja tu: South Bridge Road, katika mtaa wa Wachina. Utaukuta Masjid Jamae, msikiti wa kijani wenye minara miwili, ulioanzishwa 1826 na Waislamu Watamili kutoka kusini mwa India. Hatua chache mbele ni hekalu la Wahindu la Sri Mariamman, la 1827, mnara wake wa lango umejaa miungu na ng'ombe waliopakwa rangi. Endelea kidogo utafika hekalu kubwa la Kibuddha linalosemekana kuhifadhi jino la Buddha, ambalo ni jipya, la 2007. Vyote hivyo kwa mwendo wa dakika tano, ndani ya mtaa ambao ramani inasema ni wa Wachina. Mahekalu ya Kihindu mengi hufungwa karibu saa sita mchana na kufunguliwa tena jioni, ndiyo maana nasema uanze asubuhi. Viatu nje, mabega na magoti yafunikwe. Mwenye buibui au kanzu hana la kujitayarisha.

Usidanganyike lakini kwamba ujirani huu umeota wenyewe kama uyoga. Wachina ni karibu robo tatu ya raia na wakazi wa kudumu, Wamalay asilimia 13 na ushei, Wahindi karibu 9. Mwaka 1964 Wachina na Wamalay walipigana mitaani na watu wakafa. Tangu 1989 nyumba za serikali, ambamo wengi wao huishi, zina viwango vya idadi ya kila jamii katika kila jengo, na ukitaka kuuza yako huenda usiweze kumuuzia umtakaye. Ukilijua hilo, unauangalia mji kwa jicho jingine: unaona kazi, huoni bahati.

Mchana, chakula. Hapa ndipo ningekushauri utumie muda bila kuuhesabu. Singapore ina kumbi za wazi za wapishi wadogo, kila mmoja na kibanda chake na mara nyingi chakula kimoja anachokijua kuliko kitu kingine duniani. UNESCO iliutambua utamaduni huo mwaka 2020. Dola 5 hadi 8 za kule zinakushibisha, na dola yao ni karibu shilingi 100 za Kenya. Maxwell iko hapohapo mtaa wa Wachina, Tekka iko mtaa wa Wahindi, Geylang Serai ni ya Wamalay. Tafuta cheti cha halali cha MUIS, yaani Baraza la Kiislamu la Singapore, kwenye kibanda chenyewe, kwani ndani ya ukumbi mmoja jirani yake huenda anakaanga nguruwe. Hata sehemu za kurudishia trei zimetengwa, za halali mbali na nyinginezo, na kurudisha trei ni lazima, ukiiacha mezani unaweza kutozwa faini. Ukikuta pakiti ya tishu juu ya meza tupu, usikae: mwenyewe yuko foleni na ameshaishika meza hiyo. Mimi nilidhani ni tishu za bure, nikazitumia. Aliyerudi na sahani yake alinitazama kwa huruma zaidi kuliko hasira.

Mama, ambaye aliondoka Mombasa na mahamri ya siku mbili mkobani kwa hofu ya njaa, alishangaa kwamba hakuna geni. Satay ni mishkaki yenye mchuzi wa njugu. Nasi lemak ni wali wa nazi, dagaa na pilipili. Prata ni chapati iliyopigwa hewani. Murtabak aliuita mkate mayai papo hapo na akakosoa kitunguu. Chai ya maziwa humiminwa kutoka kikombe cha juu hadi cha chini ikapata povu. Ukitaka ya rangi sema "teh-o". Muuzaji mzee huitwa "uncle" na mama muuzaji "auntie", hata na asiyemjua kabisa. Kwa mtu wa kwetu hilo halihitaji maelezo.

Baada ya kula, jua likiwa kichwani, ingia Makumbusho ya Tamaduni za Asia kando ya mto. Kuna chumba cha shehena ya jahazi lililozama karne ya 9 karibu na kisiwa cha Belitung na kugunduliwa 1998: bakuli za Kichina kwa maelfu, zikisafirishwa kuelekea magharibi. Mbao za jahazi lile zilishonwa kwa kamba, bila misumari, vilevile ilivyoshonwa mitepe ya visiwa vya Lamu. Nilisimama pale nikasahau kwamba nilikuja kutafuta kiyoyozi.

Kampong Glam iache kwa alasiri inayoingia jioni. Huu ni mtaa wa Wamalay na Waarabu, nao ndio uliotugusa zaidi. Msikiti wa Sultan wenye kuba la dhahabu ulikamilika 1932. Ukiangalia chini ya kuba utaona mkanda mweusi unaong'aa, nao ni vitako vya chupa za kioo. Maskini wasio na pesa za kuchangia ujenzi walitoa chupa. Nyuma yake kuna Muscat Street, yenye matao ya mawe yaliyojengwa kwa ushirikiano na Oman. Na koo za Waarabu zilizotajirika katika mji huu, Aljunied, Alsagoff, Alkaff, asili yao ni Hadhramaut, kulekule walikotoka babu za majirani zetu wengi wa Mombasa, Lamu na Unguja. Wengine walipanda majahazi ya kusi, wengine ya kaskazi, ndiyo tofauti.

Lugha ya taifa ni Kimalay, ingawa Kiingereza kitakufikisha kila mahali. Jifunze neno moja tu: "Apa khabar?" Bibi mmoja aliyekuwa akiuza vitambaa hapo Kampong Glam alimwambia mama hivyo, na mama, aliyesikia "khabar" peke yake, akajibu "Nzuri!" bila kusita. Bibi akacheka, wakashikana mikono. Baadaye tukaanza mchezo wa kuokota maneno: bendera ni bendera, dunia ni dunia, askar ni askari, nanas ni nanasi, achar ni achari. Mchezo huo ulitufikisha hotelini.

Mtaa wa Wahindi, kandokando ya Serangoon Road, nenda asubuhi ukitaka soko na maua, au Jumapili jioni ukitaka umati. Jumapili ndiyo siku ya mapumziko ya wafanyakazi wa ujenzi kutoka India na Bangladesh, na mtaa mzima hujaa wao, wamekaa nyasini, wanapiga simu nyumbani. Hao ndio wanaojenga yale majengo unayoyapiga picha, na wengi hulala kwenye mabweni ya pembezoni. Nenda uwaone, ila kamera iache mfukoni. Kwenye soko la Tekka mama alikuta shokishoki na doriani, akauliza bei, akasema ya Unguja ni rahisi na tamu zaidi. Doriani hairuhusiwi kwenye treni. Hata kunywa maji humo ni kosa.

Kuhusu treni: gusisha kadi ya benki kwenye mlango na upite, ila kadi ya nje hutozwa senti 60 za kule kwa kila siku unayoitumia, na kila mtu lazima awe na yake. Mimi na mama tulijaribu kadi moja, mlango ukamfungia yeye nje. Mikahawa yenye viyoyozi huandika bei na alama ya "++" pembeni; maana yake utaongezewa asilimia 10 ya huduma na 9 ya kodi. Maji ya bomba yananyweka, beba chupa yako.

Usiku mmoja uweke kwa Gardens by the Bay. Bustani za nje hazina kiingilio, na ile miti mirefu ya chuma huwashwa taa kwa muziki saa 1:45 na saa 2:45 usiku, bure. Lala chali sakafuni kama wafanyavyo wenyeji. Visivyo na lazima katika siku tatu: kisiwa cha Sentosa, maduka ya Orchard Road, na kuvuka mpaka kwenda Johor Bahru, nchini Malaysia, ambako foleni pekee inaweza kula nusu ya siku.

La mwisho ni uwanja wa ndege, Changi. Maporomoko ya maji yaliyo ndani ya jengo la Jewel, mita 40 kwenda juu, yako upande wa nje wa uhamiaji, hivyo yaone kabla ya kupita. Na katika majengo mengi ya Changi ukaguzi wa mizigo ya mkononi hufanywa mlangoni mwa ndege, mwisho kabisa, si mwanzoni kama tulivyozoea. Sisi tulikuwa na chupa ya achari ya embe kutoka kwa yule bibi wa Kampong Glam, ndani ya mkoba wa mama, masanduku yameshakwenda. "Auntie, sorry," yule kijana wa ukaguzi akasema. Mama akamwambia kwa Kiswahili achukue akale yeye na mamake, akamsukumia chupa kwa mikono miwili. Kijana akatikisa kichwa, akaniangalia mimi nimtafsirie.