Mwombe Apunguze, Usimwombe Azime

Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya mwezi zamu zangu ni za usiku. Asubuhi nikitoka kazini narudi Gongo la Mboto wakati Dar es Salaam nzima inakimbilia upande wa pili, kwa hiyo siti napata, tena ya dirishani. Usingizi ndio shida. Nimeegemea kioo, Coaster haijafika hata Tazara, kijana wa siti ya nyuma keshatoa simu na kufungua kivideo cha TikTok. Kikiisha kinaanza upya. Kikiisha kinaanza upya. Mpaka tunafika Jet mzigo wote nimeukariri, na kicheko cha mwisho nakijua kinaangukia wapi.

Wenzangu kazini huniuliza nawaambiaje watu hawa wapunguze sauti bila kuoga matusi. Mara nyingi wanapunguza. Si kwa sababu nina uso wa huruma (wagonjwa wangu watakwambia vingine), ila kuna namna ya kuliendea jambo hili, na kuna namna ya kuliharibu kabla hujafungua mdomo vizuri.

Kubwa kuliko yote: omba apunguze. Usimwambie azime. Ukimwambia azime umempokonya kitu mbele za watu, na gari zima limesikia kapokonywa. Hata kama alikuwa anakaribia kuchoka nao huo wimbo, sasa hawezi kuuacha, heshima yake imeshaingia humo. Ukimwomba apunguze, simu inabaki yake na uamuzi unabaki wake. Na kusema kweli, kupunguza kunatosha. Spika ya simu ni ndogo mno kutoa besi, inatoa zile sauti nyembamba za juu tu, ndiyo maana inapenya katikati ya ngurumo ya injini na kukufuata mpaka siti ya mwisho. Lakini haina nguvu. Ikishushwa nusu, injini ya Coaster inaimeza yenyewe. Nimeona mara nyingi: mtu anapunguza, anajikuta mwenyewe hasikii vizuri, baada ya muda anairudisha simu mfukoni bila kuambiwa na yeyote.

La pili ni salamu, na hapa ndipo watu wengi wenye haraka wanapoharibu. Pwani hii mtu haanzi na shida yake. "Habari za asubuhi, kaka." Ngoja akujibu. Akishajibu, wewe si sauti ya lawama tena, ni jirani yake wa safari. Ndipo useme: "Samahani, nimetoka zamu ya usiku, naomba unipunguzie kidogo nisinzie." Umetaja haja yako, hujataja kosa lake. Kama hutoki zamu ya usiku, utakuwa na lako: kichwa kinauma, unasubiri simu ya nyumbani, una mtoto amelala mapajani. Sema la kweli, maana ukidanganya kwamba unasubiri simu halafu ukae nusu saa bila kupigiwa, atakuona.

Na uombe mapema, kwenye wimbo wa kwanza. Ukivumilia kuanzia Kariakoo mpaka Vingunguti, kitakachotoka mdomoni si ombi. Maneno yatakuwa yale yale ya adabu, "samahani kaka", lakini sauti itakuwa imeshabeba nyimbo nne za hasira, na yeye anaisikia sauti kabla ya maneno.

Wazee wana habari yao. Ukimwona baba wa makamo anasikiliza sauti za WhatsApp kwa spika, mambo ya ukoo yote hadharani, nani kagoma kuchangia mahari na nani kauza shamba, usidhani anafanya makusudi. Wengi masikio yamepungua, na simu kawekewa na mjukuu akiwa hajui kingine zaidi ya kubonyeza. Mimi huanza na shikamoo, kisha: "Baba, ukiiweka sikioni kama unapokea simu utaisikia vizuri zaidi." Na ni kweli: ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukiusogeza sikioni, simu yenyewe inahamisha sauti kutoka spika ya nje kwenda spika ya sikioni. Wengi hawajui. Mzee mmoja alifurahi mpaka akanilipia nauli, ingawa alibaki kuisimulia habari ya shamba kwa sauti yake mwenyewe, na hiyo haina kitufe.

Anayeomba awe jirani. Aliye siti tatu nyuma hana budi kupaza sauti, na ukishapaza sauti umeshaitisha mkutano. Asubuhi moja nilishuhudia mzee wa suti akimfokea kijana aliyekaa karibu na mlango, simu yake inapiga singeli: "Wewe, zima hayo makelele yako ya uswahilini!" Basi. Kijana hakujibu yeye. Walijibu abiria. Mama wa ndizi akauliza uswahilini kuna nini. Mwingine akasema kama mtu anataka utulivu anunue gari lake. Konda, ambaye kwake Manzese, akaongeza redio ya gari. Yule kijana aliibuka shujaa bila kutamka neno, na sote tukaenda na singeli mbili, ya simu na ya redio, mpaka Banana.

Kosa la yule mzee lilikuwa kuusema muziki wenyewe. Singeli imezaliwa Dar, kwenye mitaa kama Manzese na Tandale, kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za usiku kucha, na spika za kukodi, kabla haijapelekwa kwenye matamasha ya Ulaya. Ukiidharau mbele ya watu wa Gongo la Mboto, hawasikii mtu anayelalamikia sauti. Wanasikia mtu anayewadharau wao. Vivyo hivyo taarabu kwa mama fulani, au bongo fleva ya kijana wa chuo. Wimbo uwe mbaya kiasi gani, usiutaje. Taja sauti.

Kwenye mambo ya dini ndio ujifunge mkanda. Asubuhi kuna mahubiri, kuna mawaidha, kuna kaswida, kuna kwaya, na mwenye simu anaamini anawafanyia wema. Ukiomba vibaya, ombi lako linageuka kuwa vita na Mungu wake, na abiria wa dini yake wanageuza shingo. Ninachofanya: nasema habari ya usingizi wangu na siongezi neno. Simwambii "hapa si kanisani", simwambii "kila mtu ana dini yake", hata kama yote mawili ni kweli. Kama ni mtu wa dini yako afadhali zaidi, anza na salamu ya kwenu, nusu ya kazi imekwisha. Na kuna siku naacha tu. Kaswida nzuri ya taratibu, kusema ukweli, hunilaza.

Redio ya gari ni shauri jingine, kwa sababu pale hushughuliki na abiria, unashughulika na watu walio kazini kwao. Dereva anakaa humo kutwa nzima na muziki ndio unaomweka macho. Ukimwambia konda "mnatuumiza masikio" atakuangalia kama umeshuka mwezini. Mpe sababu ya kazi yake: "Konda, redio iko juu, mtu akisema shusha hamsikii." Hilo linamgusa. Abiria akipitilizwa kituo ugomvi unamwangukia yeye, na akigonga bodi dereva asisikie, gari linaondoka mtu ana mguu mmoja chini. Huwa wanapunguza. Ila usijaribu hili Nairobi ndani ya nganya, ambako matatu imepambwa kwa michoro, taa, skrini na spika zilizogharimu fedha nyingi, na vijana wanaacha magari mengine yapite wakingoja hilo hilo. Kule muziki ni sehemu ya ulichokilipia, na asiyeutaka anapanda la nyuma yake.

Tangu mwaka 2023 Serikali iliporuhusu tena mabasi ya mikoani kutembea usiku, kelele za safarini zimechukua sura mpya. Zamani basi la Mwanza liliondoka alfajiri, watu wako macho, filamu za Kibongo zinapigwa kwenye skrini na hakuna aliyeona shida. Siku hizi ni saa saba ya usiku, mmepita Morogoro, watoto wamelala, na mtu mmoja anaangalia marudio ya mechi ya Simba na Yanga kwa sauti yote. Ushauri wangu kwa safari za usiku ni kumalizana na jambo hili kabla ya kuondoka. Pale stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, ukionyesha tiketi muulize mhudumu: skrini mnazima saa ngapi? Lisikike kidogo, na wengine wasikie. Utashangaa wangapi wataitikia "kweli, tuzimiwe mapema". Mhudumu akishatamka saa mbele ya abiria, baadaye hulazimiki kuwa mkorofi, unamkumbusha tu alichosema. Ukichagua siti, angalia kwanza dari: spika ziko wapi? Siti iliyo chini ya spika si siti ya kulala hata ikiwa ya dirishani.

SGR nayo ina mtego wake. Treni ya umeme haingurumi. Kwenye daladala injini inafunika mengi, lakini kwenye behewa la kwenda Dodoma simu moja inasikika kuanzia mlango mpaka mlango, na mwenye nayo hana habari, kwa sababu amezoea kuiweka sauti ile ile ya kwenye Coaster. Mara nyingi ni katuni za mtoto. Usimseme mama mwenye mtoto mdogo kwa ukali, simu hiyo ndiyo inayokuepusha na kilio. Mwombe kwa upole ishuke kidogo, mtoto mwenyewe anaangalia picha. Ikishindikana, humo kuna wahudumu wanaopita pita, na mhudumu akiomba halichukuliwi kama ugomvi wa abiria na abiria.

Sasa, kuna wanaosema: kwani ni lazima kuomba? Vaa hedifoni zako, ongeza sauti, maliza. Kama muuguzi hapa nitakuwa mkali. Unapoongeza sauti ili kuizidi kelele ya gari, unaumia wewe. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki bila hatari kubwa. Ikifika desibeli 90, kiasi salama kinashuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Piga hesabu ya foleni ya kwenda na kurudi kila siku, halafu uone wiki yako inaishia Jumatatu au Jumanne. Na usikivu ulioharibiwa na kelele haurudi. Mimi hutumia vizibo vya sponji, vile wanavyovaa mafundi viwandani, vinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya usalama kazini pale Kariakoo kwa bei ya soda. Unakiviringisha kwa vidole vilivyo safi mpaka kiwe chembamba, unakiingiza, unakishikilia mpaka kijae sikio. Havizimi kila kitu, na hilo ni zuri: konda akitaja kituo chako bado utamsikia.

Rafiki yangu mmoja yeye hununua hedifoni za bei rahisi kwa wamachinga kwenye foleni na kumpa mwenye kelele bure. Yeye anasema inafanya kazi. Mimi naona ni kejeli iliyofungwa kama zawadi, na siku moja atamkuta mtu atakayezitupa dirishani.

Sheria ipo. Tuna kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ina simu ya bure ya malalamiko ya abiria. Zitumie pale gari lenyewe, si abiria, linapokuwa tatizo la kila siku: andika namba ya gari, njia na muda, upige ukishashuka. Kwa simu ya kijana wa siti ya nyuma, mpaka malalamiko yapokelewe yeye kashuka Ukonga. Wala tusijione tuna ugonjwa wa peke yetu, maana hata London mwaka 2025 mamlaka ya usafiri ilianza kubandika mabango ya kuwaomba abiria watumie hedifoni.

Wapo ambao siwaombi kabisa. Mlevi simwombi. Kundi la vijana wanaotoka mpirani timu yao imeshinda siwaombi, na kama imefungwa ndio kabisa. Mtu aliyekwishajibizana na mwingine kabla yangu simwombi, hata niwe na maneno matamu vipi, maana ameshajiandaa. Hapo nahama siti. Siti zikiwa zimejaa, naweka vizibo. Na kama anatukana watu au anagusa wanawake, hilo si suala la muziki tena: namwambia konda kwa sauti ya wazi gari lisimame, na nikiona konda anacheka naye, nashuka kituo kinachofuata na kusubiri gari jingine. Kuanzia Tazara kwenda Gongo la Mboto asubuhi hayakosekani.