Usikifukuze, kione kwanza: kwa wanaoanza kujitazama

Karibu wote wanaoanza zoezi la kujitazama, yaani kukaa kimya na kuangalia yanayopita mwilini na akilini, huja na kitu wanachotaka kiwatoke: hasira ya zamani, mtu aliyeondoka lakini hatoki moyoni, hofu ya kuonekana hawafai, wivu kwa mwenzao wa kazini. Wakikaa kimya mara ya kwanza huanza vita papo hapo. Wazo likija wanalisukuma, likirudi wanalisukuma tena, na baada ya dakika chache wanainuka wamechoka kuliko walivyokaa, wakisema jambo hili si la watu kama wao.

Kusukuma hakusaidii, na hilo limepimwa. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani Daniel Wegner na wenzake waliwaomba watu wasimfikirie dubu mweupe, na wagonge kengele kila akiwajia akilini. Kengele zililia. Kisha watu hao wakaruhusiwa kumfikiria watakavyo, na dubu akawajia mara nyingi kuliko alivyowajia wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Kwa hiyo kazi yako ya wiki za mwanzo ni ndogo kuliko unavyodhani: kiache kitu kiwepo, kisha uangalie kinafanya nini ndani yako.

Uangalie wapi? Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu na wanaoanza, maana mtu akikosea mahali pa kuangalia anaweza kujitazama mwaka mzima asione kitu. Mafundisho ya kale ya Kibudha, yaliyohifadhiwa kwa lugha ya Kipali, yanataja nyanja nne: mwili, ladha ya kila kinachotupata, yaani kitamu, kichungu, au si kitamu wala kichungu, hali ya akili, na mambo yanayopita akilini. Anayeanza huvutwa na ya nne kwa sababu ndiko kwenye hadithi. Mimi humrudisha kwenye mbili za kwanza.

Tuseme mkuu wako wa kazi amekutumia ujumbe wa maneno mawili: "Tuonane kesho." Kabla hujawaza lolote, umeshauonja ujumbe huo na kuuona mchungu. Tumbo linajikunja, pumzi inafupika, taya linakaza. Kutokana na uchungu huo unataka haraka jambo lile lisiwepo, na ndipo akili inapoanza kutunga: nimekosea nini, nani kanisema, nitaishije nikifukuzwa. Hadithi huja mwisho, lakini kwa kuwa ndiyo yenye kelele tunaidhania kuwa chanzo, tukakesha tukibishana nayo. Ukirudi kwenye tumbo na pumzi unakuta kilichopo sasa hivi ni mkazo, joto kidogo, na uchungu unaopanda na kushuka. Hivyo vinabebeka. Kesho ya kubuni haibebeki, maana kila ukiimaliza inaanza upya.

Kinachosaidia ni kutaja kimoyomoyo kile unachokiona: "hofu", "kupanga", "kukumbuka", "mkazo". Mtawa wa Burma, Mahasi Sayadaw (1904–1982), ndiye aliyeieneza sana njia hii. Mwaka 2007 mwanasaikolojia Matthew Lieberman na wenzake waliipima kwa namna yao: watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukitazamwa kwa mashine, na walipoitaja hisia waliyoiona, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na vitisho, ilitulia kiasi. Neno moja linatosha. Ukifika sentensi ya tatu umeshaanza kueleza, na hadithi imerudi kwa mlango wa nyuma.

Vitamu karibu kila mtu huvisahau. Tunajichunguza tukiumia, tukifurahi tunaona hakuna haja. Lakini vitamu ndivyo vinavyotufunga zaidi, ila havitusumbui mpaka siku vinapokosekana. Ukisifiwa mbele ya watu, angalia kifua kinavyotanuka, kisha angalia kinachofuata: kutaka sifa iongezwe, au fulani naye aisikie. Ukishinda mabishano, angalia hamu ya kuongeza neno moja la mwisho. Anayejitazama wakati wa raha hujifunza haraka kuliko anayesubiri msiba, ingawa sijapata mwanafunzi aliyeniamini hapo mwanzoni.

Kwa tamaa za mazoea, kama sigara, pombe au kushika simu kila dakika, Alan Marlatt, mwanasaikolojia aliyewatibu walevi, alifundisha kuitazama tamaa kama wimbi: inapanda, inafika kileleni, inavunjika, mradi usiikimbie wala usiitii. Jaribu kwanza kwa simu. Mkono ukianza kuielekea, uache palepale, uone mwasho ule uko sehemu gani ya mwili na unabadilika vipi. Ukitaka kuishika baadaye, ishike. Hatuwindi ushindi hapa.

Halafu kuna hakimu wa ndani, yule anayekulaumu kwa unachokiona. Tamaduni nyingi zina desturi ya kuihesabu nafsi: al-Muhasibi, mwanazuoni wa Kiislamu wa Baghdad aliyefariki mwaka 857, alipata jina lake kwa kazi hiyo, na Ignatius wa Loyola, mtakatifu wa Kikatoliki, aliwafundisha wafuasi wake kuipitia siku yao kwa sala. Desturi hizo zina nafasi yake, na hesabu ikishafungwa mtu hutubu au hushukuru. Kutazama ninakokusema hapa kunatangulia hukumu. Ukiiona hasira ikiwaka, ukaanza kujikaripia "mtu mzima wewe, bado tu?", sasa una mambo mawili: hasira na aibu. Usijaribu kumnyamazisha huyo anayekaripia. Mtaje naye, "kukaripia", urudi kwenye pumzi.

Wanaoanza huniuliza pia, tena kwa woga: nikilegeza mafungamano, yaani kung'ang'ania watu na vitu, si nitaacha kumpenda mwanangu, au mke wangu? La. Kumpenda mtu ni jambo moja, na kudai asibadilike, asiondoke, asikuangushe, ni jambo jingine. Kinacholegea ni lile dai. Wala zoezi hili si hifadhi ya kujifichia maamuzi. Kama unapigwa nyumbani au unadhulumiwa kazini, usikae kuitazama hofu yako tu. Tafuta msaada, toka, dai haki yako.

Kuhusu muda sina mengi. Jon Kabat-Zinn alipoanzisha programu yake ya kuwafundisha wagonjwa kujitazama katika Chuo Kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, ilikuja kuwa ya wiki 8 zenye mazoezi marefu ya kila siku. Wewe anza na dakika 10, pamoja na vituo vidogo vya mchana: kabla ya kujibu ujumbe uliokuudhi, kabla ya kuingia mkutanoni. Ukiwa na daftari, andika mistari mitatu tu: kilichotokea, mwili ulifanya nini, nilitaka nini.

Waliopitia mambo mazito wasikilize hapa. Kufumba macho na kuuchunguza mwili kunaweza kuamsha kumbukumbu usizoziweza peke yako. Ikitokea, fumbua macho, sikia nyayo zilivyogusa sakafu, taja vitu unavyoviona chumbani, uishie hapo kwa siku hiyo. Ikijirudia, tafuta mshauri nasaha au daktari kabla ya kuendelea. Kuvumilia kwa nguvu hakukupi kitu.

Maendeleo yenyewe hayafanani na utulivu unaouwazia. Hasira itakuja kama kawaida. Mwanzoni utaigundua saa kadhaa baada ya ugomvi, baadaye katikati ya ugomvi, sauti ikiwa imeshapanda, na siku moja utaigundua ikiwa bado iko tayani, mdomo haujafunguka. Siku inayofuata huenda ukaikosa kabisa. Usiwatangazie wa nyumbani kwamba siku hizi hukasiriki; watakupima kabla jua halijazama.